Binti yangu alikufa na sikoseli, notsi za shule zinasema ina "faida". Faida ya nani?

FundiWaLira

Wakuu habari za jioni. Mimi si msomi, mimi ni fundi wa magari hapa Lira, kaskazini mwa Uganda, Kiswahili nilikiokota Eldoret nilipokuwa gereji miaka saba kwa hiyo mkikuta nimeharibu ngeli msinicheke sana. Nina swali limenikaa kifuani tangu Jumapili.

Nina kijana yuko S.4, yaani kidato cha nne. Jumapili alikuwa anasoma baiolojia kwa sauti pale nje, mimi nasafisha kabureta ya boda ya jirani, akafika mahali pa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa selimundu. Notsi zinasema sikoseli haijaisha Afrika kwa sababu mtu mwenye jeni moja ya huo ugonjwa anapata faida, malaria haimuui kirahisi, kwa hiyo mageuko ya viumbe, ile kitu ya Darwin, yakaibakiza hiyo jeni. Kijana akasoma halafu akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Dada yake alituacha 2021, alikuwa na miaka 11, na ilikuwa sikoseli. Sote wawili tulikuwa tunawaza kitu kimoja na hakuna aliyekisema, nikaendelea kusugua kabureta mpaka ikang'aa kupita kiasi.

Sasa swali. Kama nimeelewa, maana yake ni kwamba ili watoto wengi wapone malaria lazima wachache wazaliwe kama binti yangu. Yaani yeye alikuwa ni bei? Mtu fulani huko alipata faida, mimi nikaletewa bili? Na kama maisha yote ni jeni kujisambaza tu, basi mtoto aliyekufa bila kuzaa alikuja duniani kufanya nini?

Siulizi ili tupigane mambo ya dini, mimi ni Mkatoliki na misa naenda. Nauliza kwa sababu huyu kijana ataniuliza siku moja na sitaki kumdanganya.

Mtumishi_77

Pole sana baba. Lakini hizo notsi usiziruhusu zikuingie, huyo Darwin ndiye alisema tumetoka kwa nyani na tangu hapo dunia imeharibika. Mtoto wako yuko kwa Bwana, maswali mengine ni mlango wa shetani. Choma hizo notsi. Amina.

FundiWaLira

Asante mtumishi kwa pole. Kuchoma notsi siwezi, kijana ana mtihani. Na sikoseli sikuisoma kwenye notsi, niliishi nayo nyumbani miaka 11, nimembeba mgongoni usiku saa nane anapiga kelele mifupa inamuuma. Hiyo huwezi kuchoma.

SistaWaZamu

Baba pole, pole kabisa. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya watoto wa sikoseli muda mrefu, sitataja ni wapi. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye taxi nikashuka stendi isiyokuwa yangu.

Nadhani neno lililokuumiza ni hilo "faida". Kwenye Kiingereza cha darasani wanasema mbebaji ana kitu kinachomsaidia, mtoto akilitafsiri nyumbani linakuwa faida, na sisi kwetu faida ni ya duka, ukisikia faida unajua kuna mwenye duka na kuna mtu kapata hasara. Hapa hakuna duka baba. Ngoja nieleze polepole kama ninavyowaeleza wazazi.

Kila mtu anachukua jeni ya himoglobini mbili, moja kwa mama moja kwa baba. Mwenye AA yuko kawaida. Mwenye AS ni mbebaji, anaishi maisha yake, wengi hata hawajui mpaka wapimwe. Mwenye SS ndiye mgonjwa, seli zake nyekundu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo na hapo ndipo yale maumivu yanatoka. Mama AS na baba AS wakikutana, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya SS. Kila mimba upya. Siyo kwamba ukishapata mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika, hilo nalirudia kila wiki kliniki na bado watu wananibishia.

Sasa malaria. Kuna daktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, mwaka 1954 alionyesha kwamba watoto wa AS hawazidiwi na malaria kama wa AA, na kwamba jeni hiyo iko kwa wingi palepale malaria ilipo kwa wingi. Sababu moja ni kwamba mdudu wa malaria akiingia kwenye seli ya AS, seli hiyo inajikunja mapema na wengu unaiondoa. Na huko kwenu baba, Apac hapo jirani, kuna wakati watafiti walihesabu kwamba mtu mmoja anaumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Yaani kila usiku kama mara nne. Fikiria mababu walilala na hao mbu miaka maelfu, bila neti bila dawa. Watoto wa AA wengi walikufa, wa SS walikufa karibu wote, wa AS walibaki wakazaa. Ndiyo maana Lango na Acholi leo wabebaji ni wengi.

Angalia nilivyosema: walibaki. Sikusema waliwekwa, wala hakuna mtu alikaa chini akapiga hesabu kwamba tutoe huyu tuokoe wale. Mtoto wako hakumwokoa mtu na malaria na hakutolewa kwa ajili ya mtu. Mwenye AS anapona kwa damu yake mwenyewe, hata kama hakuna SS hata mmoja kijijini. Kwa hiyo bili hujaletewa. Yalikuwa mambo mawili yanayotoka kwenye jeni moja, basi.

Naandika nyingine baadaye, wameniita.

Kichwa_Ngumu256

sista umeeleza poa lakini umekimbia nusu ya swali. mzee ameuliza maana ya maisha. mimi niko chuo hapa Kampala nasoma filosofia na tuseme ukweli bila kupaka sukari, kama hakuna aliyepanga basi hakuna maana, kwisha. miaka kama milioni 66 iliyopita jiwe likaanguka kutoka angani dainosari wakaisha ndo mamalia wakapata nafasi, lingepita pembeni hata sisi hatungekuwepo tunabishana hapa. sisi ni ajali. watu hawapendi kuskia lakini ndo hivo na nadhani ni heshima kumwambia mzee ukweli kuliko kumpa peremende

MamaMasese

Wewe Kichwa Ngumu hilo jina ulilichagua vizuri. Mtu kafiwa na mtoto unamwambia jiwe.

Mimi nauza samaki hapa Jinja mwaka wa ishirini na mbili huu, sijasoma filosofia ila ajali naijua. Unazijua nkejje? Vile visamaki vidogo, wazee walikuwa wanavikausha wanawapa watoto wenye surua. Miaka ile walikuja watafiti kwenye ziwa letu, mmoja alikuwa ananunua kwangu, akanieleza kwamba Ziwa Nalubaale, yaani Victoria, lilikauka miaka kama elfu kumi na tano iliyopita, likajaa tena, na kutoka kwa samaki wachache zikatokea aina zaidi ya 500 za nkejje, wengine wanakula konokono, wengine wanakwangua mawe, wengine wanakula mayai ya wenzao. Mia tano! Mimi najua aina kama kumi tu za kupika. Halafu miaka ya 1950 wakamwaga mputa ziwani, yaani sangara, mputa akala, na ilipofika miaka ya 1980 mamia ya hizo aina hazionekani tena.

Sasa niambie. Nkejje ilitokea kwa ajali, sawa. Ila ilipopotea, watu walilia au hawakulia? Na mputa huyohuyo aliyeimaliza ndiye amenisomeshea watoto watano. Nimlaani au nimshukuru? Mimi sijui mpaka leo, lakini najua kwamba hilo si swali la kijinga. Kama vitu vilivyotokea bila mpango havina maana, mbona nina uchungu na samaki?

Kichwa_Ngumu256

mama sijasema usione uchungu. nasema uchungu ni wako, ziwa halina habari

MamaMasese

Ni wangu, sasa? Watoto ni wangu pia.

UstadhMbale

Assalam alaykum wote, na mzee wa Lira Mungu akupe subira. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kiswahili na kidogo historia, naomba niingie kwa upande wa lugha kwa sababu naona mnapishana kwenye barabara mbili.

Kuna kuuliza "kwa nini" na kuna kuuliza "kwa ajili ya nini". Kwa nini paa limevuja? Kwa sababu misumari imeoza. Hilo limejibiwa. Paa limevuja kwa ajili ya nini? Hapo umeshamweka mtu juu ya paa. Nadharia ya Darwin kazi yake yote ni swali la kwanza. Kabla yake watu wakiona jicho au bawa walikuwa wanaruka moja kwa moja kwenye swali la pili, yeye mwaka 1859 akaonyesha unaweza kujibu la kwanza bila kugusa la pili: viumbe wanazaliwa wakitofautiana, si wote wanaoishi mpaka kuzaa, wanaozaa wanaacha alama, rudia mara milioni. Sasa Kichwa Ngumu anachofanya ni kuchukua ukimya wa sayansi kwenye swali la pili akaugeuza kuwa jibu la "hakuna". Na Mtumishi naye anaogopa kwamba kujibu la kwanza ni kufuta la pili. Wote wawili kosa moja, ila wameingia kwa milango tofauti.

Mimi binafsi naamini sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Na wewe mzee kwa kuwa ni Mkatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 aliwaandikia wanasayansi wa akademia ya Vatikani kwamba mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu. Kwa hiyo kijana asome bila hofu ya kuungama.

Wenzangu wengi msikitini hawatakubaliana na mimi hapa, najua, tunabishana hata kwenye futari.

FundiWaLira

Nimesoma zote. Sista nimesoma yako mara tatu, ile ya kwamba hakumlipia mtu, nimeikamata na nimempa kijana simu akasoma mwenyewe.

Mwalimu nashukuru. Lakini nikuambie kitu na usinielewe vibaya. Kama ni kweli hakuna mtu juu ya paa, uchungu wangu unapungua kidogo. Kama yuko, nina maswali mengi zaidi na yeye kuliko na Darwin. Misa nitaenda Jumapili hata hivyo.

UstadhMbale

Sikuelewi vibaya. Hata Ayubu aliuliza.

NtandaBoy

Niingilie na ya kwetu Buganda, mimi mama ni Muganda baba ni Mnubi wa Bombo ndo mana niko na Kiswahili. Nyie mnatafuta Darwin mbali na Kintu yupo.

Kwa wasiojua: Kintu, mtu wa kwanza kwa sisi Waganda, alikuwa peke yake na ng'ombe wake, akapata Nambi binti wa Ggulu wa mbinguni. Baba mtu akawaambia shukeni haraka msirudi nyuma kwa kitu chochote, msije mkafuatwa na Walumbe, huyo kaka yake Nambi, huyo ndiye kifo. Njiani wakakumbuka wamesahau ulezi, ile nafaka ya kuwalisha kuku. Mmoja akarudi kuchukua. Walumbe akamwona akaja naye. Akaanza kuwaua watoto wao. Ggulu akamtuma kaka mwingine, Kaikuzi, aje amrudishe, watoto wakaambiwa kaeni ndani msipige kelele, wakapiga kelele, Walumbe akazama ardhini pale Ttanda na mashimo yapo mpaka leo, nendeni Mityana mkayaone, ila ukienda usiulize bei ya kiongozi baada ya kutembea, uliza kabla.

Point yangu ni hii: kwenye hadithi hiyo kifo hakikuja kwa mpango. Hakuna aliyesema watoto wafe ili hivi au vile. Ulezi wa kuku! Wazee wetu walikuwa wameshakaa na wazo kwamba kitu kikubwa namna hiyo kinaweza kutoka kwenye kitu kidogo ambacho hakikukusudiwa. Na Kintu mwishoni anasema Walumbe aue tu, mimi nitazidi kuzaa, hatawamaliza. Si ndo hiyo hiyo ya Darwin?

Kichwa_Ngumu256

dah NtandaBoy hiyo kali. "hatawamaliza" ni pupuleshen baiolojia kabisa

FundiWaLira

Ndugu yangu hiyo hadithi nimeipenda na pia imenichoma. Kintu amejibu kama mkuu wa ukoo. Hatawamaliza, sawa, ukoo upo. Lakini yule mtoto mmoja wa Kintu aliyekufa wa kwanza, nani alimjibu? Hilo ndilo swali langu tangu mwanzo na sikujua kulisema. Jibu la ukoo ninalo, mimi nina watoto wengine watatu. Nataka jibu la mtoto.

Na halafu kitu kingine. Huyo aliyerudi kuchukua ulezi ni nani?

NtandaBoy

Hapo ndo kuna maneno. Wengi wanasimulia ni Nambi, mwanamke kasahau mwanamke kasababisha. Lakini nimewahi kusoma ile iliyoandikwa zamani, Kintu mwenyewe ndiye aliyerudi na Nambi alikuwa anamkataza. Inategemea anayesimulia ana ugomvi na nani.

FundiWaLira

Nauliza kwa sababu baada ya mazishi upande wangu walisema ni damu ya mke wangu. Dada zangu walisema waziwazi pale matangani. Na mimi sikuwafungia mdomo. Nilikuwa najua ni AS wote wawili, tulipimwa mtoto alipogundulika, karatasi ninayo. Nikakaa kimya tu.

SistaWaZamu

Baba nimerudi na nimekuta hili. Naliona kila mwezi. Mama anakuja peke yake kliniki, ukimuuliza baba yuko wapi anasema amesema kwao hakuna ugonjwa huu. Bila jeni yako mtoto hawi SS, anakuwa AS au AA. Karatasi hiyo uwaonyeshe dada zako, siyo sisi.

Sikukaripii. Ila nimelisema.

KijanaWaBigodi

Habari zenu. Mimi naongoza wageni msitu wa Kibale kuona sokwe, nimechelewa kuona hii mada kwa sababu netiweki ya huku ni mpaka upande kilima.

Niseme machache kuhusu swali la mzee la mtoto mmoja, kwa sababu kazini nalikuta. Wageni huwa wananiuliza, hawa ni ndugu zetu kiasi gani, nawaambia ukoo wetu na wao uliachana miaka kama milioni sita au saba iliyopita, DNA tunakaribiana kwa asilimia karibu 99. Wanafurahi wanapiga picha. Halafu nawaeleza upande wa pili, kwamba sokwe wa Ngogo, kundi kubwa hapo hapo Kibale, kwa miaka kumi walikuwa wanatembea kimya mstari mmoja kama askari doria wanaingia kwa majirani wanaua, na ilipofika 2009 walikuwa wamehamia kwenye eneo lile. Hapo wageni wananyamaza. Kuna mmoja aliwahi kusema kumbe vita ni asili yetu basi, nikamwambia bwana kipindupindu nacho ni cha asili, mbona unachemsha maji. Kitu kuwa cha zamani hakikipi ruhusa.

Lakini nilitaka kusema hili. Niliwahi kuona mama sokwe mtoto wake amekufa, sijui ni kikohozi au nini, na bado anambeba. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anamfukuza nzi. Anapanda mti na mkono mmoja kwa sababu mwingine umemshika. Wanaosomea mambo haya wameliona hili sehemu nyingi, kule Guinea kuna kina mama waliobeba wiki kadhaa mpaka mtoto akakauka kabisa. Ukipiga hesabu ya jeni pale ni hasara tupu, mtoto hayupo, anapoteza nguvu, hali vizuri. Mwanasayansi atakwambia upendo wa mama ulibaki kwa sababu mama wanaoshika watoto watoto wao wanaishi. Ni kweli. Lakini ukishakuwepo hauulizi hesabu. Unamshika huyu. Hashiki "watoto", anashika huyu.

Kwa hiyo mzee, nadhani Darwin anakueleza mkono umetoka wapi. Aliyeshikwa, Darwin hamjui. Anahesabu kwa vizazi na kwa maelfu, mtoto mmoja kwake haonekani, kama vile mtu wa sensa hajui jina la utani la mtu. Usiende kumuuliza habari za binti yako, wewe ndiye unazo.

MamaMasese

Wee kijana. Nimeacha sahani ya chai ikapoa.

Mtumishi_77

Huyo sokwe amenigusa. Bado sikubali mambo ya milioni saba lakini amenigusa.

Kichwa_Ngumu256

mzee naomba radhi kwa ile ya jiwe. jana usiku nilienda kusoma maisha ya Darwin mwenyewe badala ya nadharia na kuna kitu naona ukijue. alikuwa na binti anaitwa Annie. alikufa 1851 akiwa na miaka 10, yaani miaka minane kabla ya kile kitabu chake cha mageuko cha 1859. Darwin ndiye alikuwa naye kitandani mama alikuwa na mimba hakuweza kusafiri. wiki moja tu baada ya kifo akakaa akaandika kumbukumbu yake, hajaandika kitu cha sayansi hata kimoja mle, ameandika alivyokuwa anacheka, alivyokuwa anamtembelea ofisini, alivyokuwa anakimbia mbele yake njiani akizunguka zunguka. mtu aliyegundua hesabu ya vizazi na alipofiwa hakuigusa hiyo hesabu

na kitu kingine, alioa binamu yake Emma, walizaa watoto 10 watatu wakafa wadogo, na kwa miaka mingi alikuwa na wasiwasi kwamba udhaifu wa watoto umetoka kwenye damu yao wawili kuwa karibu. yaani na yeye alikaa na lile lile la kwenu. tofauti ni kwamba hofu yake haikuwa damu ya Emma peke yake, ilikuwa ya wote wawili

bado naamini ulimwengu hauna mpango. ila niliposema "hakuna maana kwisha" nilikuwa naongea kama mtu ambaye hajafiwa na hiyo ni kweli sijafiwa

UstadhMbale

Hapo umefaulu mtihani ambao chuo chako hakijauandika. Ila "duniani hakuna mpango" tutabishana siku nyingine, nina daftari 80 za kusahihisha.

NtandaBoy

Swali la pembeni, mputa huko Lira kilo ni ngapi sasa hivi? Huku wamepandisha mpaka tunakula mukene, yaani dagaa.

MamaMasese

Njoo inboksi usiharibu mada ya watu.

FundiWaLira

Wakuu nimekaa siku mbili bila kujibu, simu ilikuwa kwa kijana, amesoma yote tangu juu, hata matusi ya Mama Masese kwa Kichwa Ngumu.

Nilimwambia mke wangu. Siyo ya Darwin, ya karatasi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi usiku. Nikamwambia dada zangu watakuja Jumamosi na nitawaonyesha ile karatasi na nitasema ni AS yangu na yake. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akaniambia kwamba miaka hii yote alijua ninayo hiyo karatasi, iko chini ya godoro upande wangu, yeye ndiye anayetandika kitanda.

Kijana aliniuliza swali lake nilipokuwa silitarajii, kwenye gereji, nikiwa chini ya gari naona miguu yake tu. Akauliza, baba, kwa hiyo dada alikuwa wa nini. Nilikuwa nimeandaa maneno yenu yote, mwenye duka, mtu wa paa, sokwe. Yote yakapotea. Nikamwambia unakumbuka alivyokuwa anakuficha viatu ili uchelewe shule naye abaki na mtu wa kucheza naye siku ambazo hawezi kutembea. Akasema nakumbuka, nilikuwa napigwa. Nikamwambia basi. Tukacheka pale, mimi na oili inanidondokea usoni.

Sista swali moja la mwisho. Huyu kijana hajawahi kupimwa, tuliogopa. Ana miaka 16 na nimeona kuna binti wa jirani anakuja kuazima kamusi kila siku na sidhani ni kamusi. Apimwe lini?

SistaWaZamu

Kabla kamusi haijaisha baba! Mlete wiki hii, kipimo ni cha damu kidogo tu, majibu hayachukui muda. Na mama yake aje naye, na wewe pia.

FundiWaLira

Alhamisi gereji nafunga. Tutakuja watatu.